Panzi Angeomba Nini? Ngano, Semi na Wadudu wa Bustani

Mwaka juzi, wakati wa likizo, nilikwenda kwa shangazi yangu, mwalimu wa Darasa la Tatu katika shule moja ya msingi upande wa Nyarugusu, mkoani Geita. Jino likamsumbua shangazi, shavu likavimba, akaniita. "Wewe si unasomea ualimu huko chuoni? Basi nishikie darasa siku tatu. Wapeleke bustanini ukawaonyeshe wadudu na namna wanavyoishi. Somo lenyewe ndilo hilo." Jamani, mimi mtu wa fasihi, wadudu nawajulia wapi? Nikafanya kile ambacho sisi wa fasihi hukifanya tukibanwa: nikaanza na hadithi.

Nikawasimulia ile ya sisimizi na panzi. Msomaji anaijua. Sisimizi anabeba punje mchana kutwa, panzi anapiga zeze na kuimba. Wakati wa shida unafika, panzi anabisha hodi kwa sisimizi kuomba chakula, anaambiwa kama alikuwa akiimba basi sasa akacheze. Nilimaliza kwa madaha, nikauliza swali ambalo kila mmoja wetu aliulizwa utotoni: "Hadithi hii inatufundisha nini?" Darasa zima likajibu kwa sauti moja, "Tusiwe wavivuuu!" Nikaridhika. Ndipo binti mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha kidole.

"Mwalimu, panzi si anakula majani? Sasa kwa sisimizi angeomba nini?"

Sijafungua mdomo, mvulana aliyekaa naye akadakia: "Tena sisimizi wenyewe wanamla panzi! Juzi tumewaona pale kwenye mchicha wanamburuza, huyu kashika mguu, huyu kashika mguu."

Nikasema, "Hiyo ni hadithi tu. Kaeni." Nakiri mbele ya wahadhiri wangu na wenzangu kwamba hilo lilikuwa jibu la mtu aliyeshindwa. Makala haya ni jaribio langu la kumjibu yule binti, maana swali lake, nililitazame kushoto au kulia, ni swali la uhakiki. Aliona kwamba katika matini niliyowapa, mhusika hatendi kwa mujibu wa hulka yake. Sisi tungeandika kurasa nne juu ya uhusika bapa. Yeye alitumia sentensi mbili.

Tuanze na matini yenyewe na safari yake. Ngano hii huhesabiwa miongoni mwa zile za Esopo, Mgiriki wa kale, na katika Kigiriki mhusika mwimbaji si panzi hata kidogo. Ni yule mdudu wa mitini anayelia mchana wa jua kali mpaka masikio yanaziba, ambaye wengi wetu tunamwita nyenje. Mwaka 1668 Mfaransa La Fontaine aliiweka ngano hiyo ya kwanza kabisa katika kitabu chake cha kwanza, na watoto wa Ufaransa wamekaririshwa tangu hapo. Waingereza, ambao nchini kwao nyenje ni adimu, walimgeuza akawa panzi. Sisi tulimpokea kutoka shule za kikoloni akiwa panzi tayari, akiwa na zeze na kila kitu, lakini kuna kitu hakikuweza kuvuka bahari: majira ya baridi. Katika ngano ya Ulaya shida inakuja na theluji. Wasimulizi wetu walilazimika kutafuta mbadala. Katika toleo nililosimuliwa mimi utotoni shida ilikuja na masika: mvua inanyesha, sisimizi amejifungia ndani na ghala lake, panzi yuko nje analoa.

Hebu msomaji atulie hapa kidogo. Masika! Masika ndiyo sikukuu ya panzi. Nyasi zimeota mpaka mlangoni, mihogo imechipua, mchicha wa shule unaomba kuliwa. Anayetaabika masika huku kwetu ni binadamu, ambaye ghala lake limekauka na mahindi shambani bado ni mabichi. Kwa hiyo msimulizi, kwa kubadili neno moja tu ili ngano ifanane na nchi, aliivunja ngano yenyewe bila kujua. Na kama tungetumia kiangazi badala ya masika, mambo hayangekuwa nafuu sana, kwa sababu panzi wengi wa Shinyanga na Geita hawakifikii kiangazi kirefu wakiwa hai. Jike huchomeka mkia wake ardhini, hutaga fungu la mayai na kulizungushia povu linalokauka likawa kama kifuko, halafu siku zake zikitimia hufa. Mayai yanangoja chini ya udongo mkavu miezi kadhaa. Mvua za kwanza zikilowesha ardhi ndipo vitoto vinatoka, nyasi nazo zinatoka. Yaani panzi ameweka akiba! Ameweka watoto wake mahali ambapo jua haliwafikii. Huyu ndiye tunayemwita mzembe.

Si mimi wa kwanza kulalamika. Mfaransa Jean-Henri Fabre (1823–1915), mwalimu wa shule ambaye baadaye alikaa kijijini kusini mwa Ufaransa akiandika vitabu kumi juu ya wadudu wa uani kwake, aliigeukia ngano hiyo ya La Fontaine kwa hasira. Yeye alikaa chini ya miti akaangalia. Aliona kwamba nyenje ndiye anayetoboa gome kwa mdomo wake na kunyonya utomvu, na sisimizi ndio wanaokuja kwa kiu kuomba na kupora, wengine wakimvuta miguu na mabawa ili aondoke kisimani. Na nyenje akifa, sisimizi hao hao wanamkata vipande na kumpeleka nyumbani. Mvulana wangu wa Nyarugusu hajapata kusikia habari za Fabre, lakini ameona kitu kile kile kwenye tuta la mchicha.

Najua pingamizi inayokuja. Kuna mwenzangu tunayekaa naye bweni moja ambaye nilipomsomea rasimu hii alinikata kauli: "Bwana wee, fasihi siyo baiolojia. Sungura naye hajawahi kumdanganya fisi. Utawafuta wote?" Ni hoja nzito na sitaki kuipita pembeni. Ngano ni istiari. Sisimizi ni mtu aliyevaa ngozi ya sisimizi, na Mithali sura ya 6 katika Biblia nayo humpeleka mvivu kwa chungu akajifunze. Tena chungu wa namna hiyo wapo kweli, wale wanaokusanya mbegu na kuziweka ghalani chini ya ardhi, hata katika mbuga zetu. Sisemi kwamba mdudu asisimame badala ya mtu. Nasema kwamba istiari ina miguu miwili, na mmoja lazima ukanyage chini.

Tuna ushahidi wa kutosha katika fasihi yetu wenyewe, ila tumeutafuta mahali pasipo pake. Mulokozi, katika makala yake ya mwaka 1989 juu ya tanzu za fasihi simulizi iliyotoka katika Mulika, anatenga masimulizi upande mmoja na semi upande mwingine, na ndani ya semi anaweka methali, vitendawili, mafumbo, misimu na lakabu. Tukizungumza fasihi ya watoto sisi hukimbilia masimulizi: ngano, ngano, ngano. Semi tunazichukulia kama vipande vya kujazia muda kabla ya kengele. Mimi nadai kwamba kuhusu wadudu mambo ni kinyume. Ngano imewahubiri, semi zimewatazama.

Chukua methali isemayo kwamba vita vya panzi ni furaha ya kunguru. Hiyo ni siasa ya mataifa yote duniani kwa maneno saba, na wakati huo huo ni jambo unaloweza kuliona ukisimama kwenye nyasi: panzi anayehangaika juu wazi huonekana, na ndege yupo. Usalama wa panzi ni kutulia na rangi yake ya majani. Methali imekuambia anavyookoka na anavyokufa.

Au chukua lakabu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wezi wa mifugo walipozidi, vijiji vya Kahama na wilaya jirani za Shinyanga na Tabora viliunda majeshi yao ya jadi yenye pinde na mishale. Watu waliyaita Sungusungu, na jina hilo likaenea nchi nzima. Wengi wa kizazi chetu wanadhani neno hilo maana yake ni ulinzi wa usiku. Sungusungu ni wale wadudu weusi wa jamii ya siafu: ukimgusa mmoja wanatoka wote, kila mmoja anauma, na huwezi kupigana nao kwa kuwa hujui uanze na nani. Aliyetoa jina lile aliwahi kukaa karibu na shimo lao. Nguvu na hatari ya taasisi ile zote zimo katika mdudu, kwa sababu sungusungu akitoka hachagui wa kumuuma, na wasomaji wanaotoka huko kwetu wananielewa.

Mfano wa tatu naupenda kuliko yote. Mapema miaka hiyo hiyo ya 1980 Tabora ilivamiwa na mdudu mgeni, mdogo kuliko punje ya mchele, aliyetokea Amerika ya Kati. Alitoboa mahindi ghalani mpaka yakawa unga. Wataalamu walimpa jina lao refu, Kiswahili kikampa jina la dumuzi, lakini watu wa Tabora walimwita Scania. Lori! Wakati huo huo lile jina linakupa ukubwa wa mzigo anaoubeba, mngurumo wake ndani ya gunia, na pia kwamba ni kitu kilichokuja kwa barabara kutoka mbali. Sijui shairi la miaka ile lililofanya kazi kubwa namna hiyo kwa neno moja. Na turudi kwa sisimizi wetu kidogo: mtoto aliyefundishwa kwamba siri ya maisha ni kuweka akiba tu, bila kufundishwa habari za Scania, atafungua kihenge mwezi wa tatu akute vumbi.

Sasa nifike mahali panapouma. Nilipomaliza hadithi ile, wakati darasa linapiga kelele "tusiwe wavivu," palikuwa na watoto mle ndani ambao baba zao wako kwenye maduara. Msomaji ambaye hajafika Geita aelewe kwamba duara ni shimo la mchimbaji mdogo, linakwenda chini mita nyingi, kuta zake zimezuiwa kwa miti wanayoiita matimba. Mtu anashuka alfajiri, anapandisha mawe kwa kamba, mawe yanakwenda kwenye karasha kusagwa, unga unaoshwa, zebaki inakamata dhahabu kama ipo. Mara nyingi haipo. Kuna wanaorudia kuosha marudio ya wenzao. Huyu anafanya kazi kuliko sisimizi yeyote na ghala hana. Umbali mfupi tu kutoka hapo kuna mgodi mkubwa wa Geita uliofunguliwa mwaka 2000, wenye mashine za kubeba kilima kizima. Ukimsimulia mtoto wa mchimbaji kwamba anayekosa chakula ni yule aliyekuwa akiimba, umemwambia nini juu ya baba yake? Wahakiki wa miaka ya sabini wangesema ngano hii ni itikadi ya mwenye ghala. Siku hizi tunaona haya kutumia maneno kama hayo, lakini katika chumba kile yangefaa sana. Ngano inampa sisimizi haki ya kufunga mlango, na haimuulizi zile punje alizitoa shamba la nani.

Nikajiuliza, basi vitabu vya watoto vinasemaje? Tangu Mradi wa Vitabu vya Watoto ulipoanza nchini mwaka 1991, tumepata vitabu vingi vizuri vya Kiswahili, na sina nia ya kuvidharau. Lakini katika vile nilivyovipata juu ya viumbe wadogo niliona njia mbili tu. Njia ya kwanza ni ya sisimizi wetu: mdudu ni mwalimu wa adabu. Ya pili ni ya bango la kilimo: mdudu ni adui, achorwe ana meno, apulizwe dawa. Na lugha yenyewe inasaidia njia hii ya pili, kwa kuwa neno "mdudu" katika Kiswahili limebeba mizigo mingi. Hospitali wanakuambia una wadudu wawili wa malaria. Minyoo ni wadudu. Jongoo na buibui ni wadudu ingawa mmoja ana miguu mingi isiyohesabika na mwingine ana minane. Usiku, nyoka naye huitwa mdudu ili asisikie jina lake. Hata mla rushwa ni mchwa anayetafuna fedha za halmashauri. Mtoto anayeambiwa "leo tutajifunza wadudu" amekwishasikia "leo tutajifunza vitu vya kuogopa."

Huko kwetu Usukumani jambo hili lina historia, na si ya kitabuni tu. Katika miaka ya 1920 na 1930 Shinyanga ilikuwa makao ya utafiti wa mbung'o katika Tanganyika, chini ya Swynnerton, aliyefariki kwa ajali ya ndege mwaka 1938. Mbung'o aliua ng'ombe kwa nagana na watu kwa malale, hilo si la kubishia. Dawa iliyotumika ni kufyeka vichaka, maelfu ya watu wakaitwa na mashoka. Mbung'o akarudi nyuma, ng'ombe wakaingia, pamba nayo ikaja baadaye na kutaka nafasi zaidi, na baada ya miongo michache Shinyanga ikaitwa jangwa. Mwaka 1986 ndipo mradi wa HASHI ulipoanza kuwarudisha watu kwenye ngitili, yale malisho ya akiba ya Wasukuma yanayofungwa msimu wa mvua, na hadi mradi ulipokwisha mwaka 2004 zaidi ya hekta 300,000 zilikuwa zimerudi kuwa vichaka na miti. Nyuki nao walirudi, na asali.

Lakini angalia: wale waliofyeka hawakufyeka kwa kubahatisha. Walijua kwamba mbung'o hawezi kuishi bila kivuli. Walijua kitu cha ajabu zaidi, ambacho nilipowasimulia watoto wale walipiga miluzi: mbung'o hatagi mayai. Analea buu moja tu tumboni, analinyonyesha humo humo kama mama, analizaa likiwa kubwa, nalo linajifukia udongoni kwenye kivuli. Hata adui, kabla hujampiga, lazima umjue anavyoishi. Kosa la vitabu vyetu vya bango si kwamba vinasema mdudu ni adui. Kosa ni kwamba vinaishia hapo, havimfahamu hata adui mwenyewe.

Siku ya pili nilitupa ngano. Nikawatoa nje, nikawagawa makundi, kila kundi likae mahali pamoja bustanini bila kelele mpaka nipige filimbi. Sheria ilikuwa moja: kila kundi lirudi na kitendawili kimoja juu ya kitu walichokiona kwa macho yao, siyo walichosomewa. Nilichagua kitendawili kwa sababu ya umbo lake. Ngano inataka mwisho, na mwisho huzaa funzo. Kitendawili kinataka kitu kitazamwe kwa upande ambao hakijatazamwa, kisha kifichwe. Huwezi kuficha vizuri kitu usichokijua.

Vingine vilikuwa vibovu, nisidanganye. Kundi moja lilileta "Mdudu mbaya anakula mboga," nikawaambia hicho ni malalamiko, siyo kitendawili, warudi wakae tena. Walirudi na kitu hiki:

"Fundi wangu wa udongo hufunga mlango, chakula kikiwa hai ndani."

Ni nyigu. Pale ukutani mwa choo cha walimu palikuwa na vyumba vyake vya tope. Jike humchoma kiwavi sindano inayompooza bila kumuua (aina nyingine huwinda buibui), humweka chumbani, hutaga yai, huziba. Buu likitoka linakuta nyama mbichi ambayo haijaoza kwa sababu haijafa. Tazama neno "hai" lilipowekwa. Bila neno hilo kitendawili kingekuwa juu ya ndege yeyote mjenzi. Neno hilo moja ndilo linalomshtua msikilizaji, na ndilo hilo hilo lenye ukweli wote wa maisha ya nyigu. Fani na maudhui, ambavyo sisi huvitenganisha kwenye mtihani, hapa havitenganishiki.

Kundi la pili lilitega: "Harusi ya siku moja, nguo zimetupwa mlangoni." Hiki kila mtoto alikijua kabla hakijaisha. Kumbikumbi! Mvua za kwanza zinaponyesha wanaruka kutoka kichuguu kwa maelfu, na watu, kuku, mijusi na ndege wote wanawangoja. Wachache wanaookoka wanadondosha mabawa, wanashikana wawili wawili, wanachimba. Uzuri wa taswira hii ni kwamba ni sahihi kuliko watunzi walivyodhani: tofauti na sisimizi, ambao dume hufa baada ya kujamiiana, kwa mchwa mfalme hubaki na malkia wake chini miaka mingi. Ni harusi kweli. Niliwaeleza kwamba humo chini mchwa wanalima, wanastawisha kuvu kwenye vitalu vyao kama sisi na mchicha, na ule uyoga mtamu unaoota kichuguuni ni wa shamba lao. Mtoto mmoja akauliza, kama mchwa wanapandisha udongo kutoka chini, kwa nini wazungu wa mgodi wasipime kichuguu? Nikamwambia wanajiolojia katika nchi kadhaa za Afrika hufanya hivyo hasa, huchukua udongo wa vichuguu wakitafuta dalili za madini. Kwa namna alivyonitazama nilijua ninyi, vichuguu vya Nyarugusu, hamna usalama tena.

Na hiki cha tatu, ambacho nakiweka juu ya vyote:

"Mchimbaji wetu hatafuti dhahabu. Duara lake halina matimba, anayeingia hatoki."

Jibu ni yule mdudu mdogo wa vumbi anayechimba vishimo vya duara, mfano wa faneli, chini ya ukingo wa paa mahali mvua haifiki. Wote tuliwahi kumchokoza kwa kijiti. Anakaa chini kabisa amejifukia, taya tu ziko juu. Sisimizi akikanyaga ukingo, mchanga unaporomoka, na akijaribu kupanda anarushiwa mchanga wa kichwani mpaka ateleze. Ujanja wake wote uko katika mteremko: anauacha wima kadiri mchanga unavyoweza kusimama bila kuanguka, hata uzito wa sisimizi uutibue. Baadaye mdudu huyu hugeuka akawa na mabawa manne marefu, ukimwona jioni utadhani kereng'ende mchovu.

Lakini mimi nilikuwa nasikiliza kitu kingine. "Halina matimba." Katika duara la binadamu matimba ndiyo uhai, yakioza, ukuta unashuka. Mtoto aliyetunga hivi amekua akisikia habari hizo jioni nyumbani. Alichukua hofu ya nyumba yake akaipeleka kwa mdudu, na mdudu akamrudishia kitu kilichogeuzwa: shimo ambalo kuporomoka kwake ndiko kazi yake. Hakuna funzo hapo. Hakuambiwa baba yake awe hodari zaidi. Hakuambiwa chochote, ila alipotega, darasa lilinyamaza kwanza, halafu likacheka sana, na kicheko kile sikukisikia kwenye ngano yangu ya jana.

Nilimwona na binti wa dawati la nyuma. Kundi lake lilikuwa la mwisho. Akatega: "Mama ameweka akiba, amekufa kabla hajaila." Tukahangaika: kuku, mhogo, bibi fulani wa kijijini. Tukashindwa. "Nipeni mji," akasema. Nikampa Geita. Akakataa, eti Geita ni ya kwao tayari. Nikampa Shinyanga, akafikiri, akakataa. Alichukua Dar es Salaam na ndipo akasema: "Mayai ya panzi. Jana si ulisema hajaweka kitu?"

Sitaki msomaji aondoke akidhani nasema vitendawili vinatosha. Kitendawili ni kifupi. Hakiwezi kumfuata kiwavi tangu yai hadi kipepeo, wala kumweleza mtoto kwa nini yule panzi mwenye rangi kali wa kwenye mihogo hajifichi (ananuka na ana sumu, rangi zake ni tangazo). Hapo anahitajika mwandishi wa hadithi. Ninachodai ni kwamba mwandishi huyo aanzie kwenye semi, ambako kazi ya kutazama imekwishafanywa nusu, badala ya kuanzia kwa Esopo ambako imefanywa katika nchi nyingine na mdudu mwingine. Jina la vunjajungu peke yake ni hadithi nzima. Itikadi inasema anayemgusa atavunja chombo nyumbani, kwa hiyo mtoto anamwacha, kwa hiyo yule mwindaji wa bustani anaendelea kula wadudu wenzake kwa raha. Sijui kama wazee walikusudia hivyo. Lakini mtunzi angepata pa kuanzia.

Siku ya tatu nami nilitaka kushiriki. Nilikuwa nimesoma kwamba mwaka 2013 watafiti huko Afrika Kusini waliwavisha kofia ndogo wale dundu wanaoviringisha kinyesi, wakawapeleka hadi kwenye jumba la kuonyeshea nyota la Johannesburg, wakagundua kwamba usiku usio na mwezi dundu hao hunyoosha njia yao kwa kufuata ule ukanda wa nyota unaopita katikati ya mbingu. Nikatega kwa fahari: "Mzigo wangu unanuka, lakini nyota zinanionyesha njia." Hakuna aliyepata. Nikatoa jibu na maelezo yote, kofia na jumba.

Wakanong'onezana. Kisha mvulana wa sisimizi akasimama kwa adabu. "Mwalimu, umesema tulete tulichokiona kwa macho. Wewe umemwona?"

Nikasema sijamwona, nimesoma.

"Tena huyo ni wa Afrika Kusini," binti akaongeza. "Wa kwetu je?"

Kitendawili changu hakikuandikwa kwenye daftari la darasa. Walikubaliana wataenda kwanza zizini kwa jirani, usiku, mwezi ukiwa haupo.